Mama wa kijana aliyenifundisha hesabu anataka nafasi yangu ya staji

Jambo, Shangazi,

Nina miaka 44, nina mume na watoto wanne, ninakaa Bel-Air hapa Lubumbashi. Kwa miaka mingi nimeuza samaki wa kukausha katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, wale wanaoletwa kutoka Kasenga. Tangu mwaka jana nimekuwa mwanafunzi pia. Ninajifunza umeme katika kituo kimoja cha mafunzo ya kazi, na nisamehe, jina lake sitalitaja.

Watu huniuliza kwa nini umeme na si ushonaji kama wanawake wengine. Siku moja jirani yangu alimwita fundi, akafanya kazi asubuhi moja tu, akalipwa pesa ambayo mimi ninaipata kwa wiki nzima nikipigwa jua na kufukuza nzi. Tena samaki wana miezi yao. Uvuvi ukifungwa bei inapanda, wateja wananuna, nami ninakula mtaji. Binti yangu wa kwanza yuko UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ada yake haifungwi pamoja na uvuvi.

Darasani tuko mchanganyiko. Wengi ni vijana wa umri wa binti yangu. Yuko baba mmoja aliyeendesha lori la Kasumbalesa mpaka mgongo ukamshinda, na jamaa mwingine wa miaka thelathini na kitu aliyetoka kwenye uchimbaji wa mikono huko Kolwezi. Mimi wote wananiita Mama, hata mwalimu, ingawa nadhani nimemzidi miaka kumi tu. Ninatunza pesa ya fotokopi, ninaleta maandazi siku za mazoezi, asiyekuja ninampigia simu kujua ana nini. Sikuona ubaya.

Mwanzo ulikuwa mgumu kweli. Niliacha masomo mwaka wa nne wa sekondari ili niolewe, na hesabu zote zilikuwa zimenitoka. Mwalimu alipoandika ubaoni kwamba 220 ukiizidisha kwa kipeuo cha pili cha 3 unapata karibu 380, niliinamisha kichwa nisije nikaulizwa. Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Katuba, ana miaka 22. Alikuwa anabaki nami baada ya vipindi, anachukua simu yangu, ananionyesha kwenye kikokotozi, ananirudisha nyuma hadi sehemu za darasa la sita bila kunicheka. Bila yeye nisingevuka mtihani wa kwanza, hilo ninalisema wazi.

Miezi ikapita, na mimi pia nikaanza kujua. Kulikuwa na zoezi la kuwasha mota kwa nyota na pembetatu, ndiyo namna mbili za kuunganisha nyaya zake. Mota inaanza kwa nyota ili ivute theluthi tu ya mkondo, halafu inahamia pembetatu. Kontakta, yaani swichi inayoshikwa kwa umeme, ya nyota na ile ya pembetatu hazitakiwi kushika pamoja hata kidogo, la sivyo ni shoti. Kundi letu lilimaliza kufunga nyaya, kijana huyo akanyoosha kidole kwenye kibonyezo. Nikamwambia ngoja. Niliona waya wa ulinzi, ule unaozuia kontakta moja ishike ikiwa nyingine imeshika, umekaa tu kwenye tundu lake, skrubu haijakazwa. Nikauvuta kwa vidole viwili, ukatoka. Siku hiyo waliniita Mama Enjinia, na yeye ndiye aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa nije kwenye shida. Kampuni moja inayofanya kazi za umeme kwa ajili ya migodi, iko barabara ya Likasi, ilimtuma enjinia wake kututahini. Walitaka watu wawili wa kufanya staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya miezi miwili. Hakuna mshahara, ni pesa ya usafiri na chakula cha mchana, lakini wanaofanya vizuri huitwa kazi zinapotokea. Alituwekea kasha la umeme lenye hitilafu, kila mmoja aitafute. Alichagua msichana wa miaka 19, ambaye baba yake anafanya kazi benki na mama yake ni mwalimu, na mimi. Kijana wa Katuba akawa wa tatu.

Siku iliyofuata mama yake alikuja kwenye meza yangu. Anauza mboga sokoni humo humo, na tuko likelemba moja, kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Mume wake alishafariki, huyo kijana ndiye mkubwa wa watoto wake. Hakugombana. Aliniambia: "Mama, wewe una meza, una mume. Mwachie mtoto. Amekufundisha yeye." Nilishindwa kujibu. Tangu hapo ananipita bila kunisalimia, na wenzetu wa likelemba wameanza kusema kwamba mtu mzima hashindani na watoto. Kijana mwenyewe hajaniomba lolote. Amehama tu benchi, sasa anakaa nyuma na yule dereva.

Nyumbani nako hakuna msaada. Mume wangu ana miaka 58. Alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, akatoka mwaka 2003 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Nilikuwa na mimba ya huyu binti wa UNILU. Pesa tulinunua teksi-basi iliyotumika, injini ikafa kabla haijarudisha hata nusu. Akajaribu kulima, akajaribu kuuza simenti. Leo nikimwambia habari ya staji ananiambia: "Kazi ya kujifunza ukubwani, tulishaiona." Hajanikataza. Ila ninapochelewa kurudi ninamkuta amesimama kwenye lango, haniulizi kitu, anafungua na kufunga. Binti yangu naye anafurahi, lakini ameniomba nisiweke picha ya ovaroli kwenye WhatsApp.

Mwalimu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Amesema nikiachia, nafasi "inaweza" kwenda kwa wa tatu. Ninaona aibu kuichukua na ninaona uchungu kuiacha. Nikiichukua, nitamwangaliaje yule mtoto? Nikiiacha, nimesoma kwa ajili ya nini?

Mama wa Bel-Air, Lubumbashi

*Shangazi anajibu*

Mdogo wangu,

Nianze na ile skrubu. Umeipitia haraka katika barua yako, kama jambo la kuchekesha, halafu ukaenda kwenye shida. Mimi nimeisoma mara mbili. Mtu anayeona waya uliokaa bila kukazwa, kabla umeme haujapita, wakati wenzake wote wanaangalia kibonyezo, huyo ameshaanza kuwa fundi. Nadhani enjinia wa barabara ya Likasi aliona jambo la namna hiyo hiyo. Hakukuchagua kwa kukuonea huruma, wala kwa maandazi.

Nikikuelewa vizuri, huulizi kama kweli unaiweza kazi hii. Unauliza kama una haki ya kushika kitu ulichokipata mwenyewe, ikiwa aliyekusaidia kufika hapo anakihitaji pia, tena pengine kuliko wewe. Na swali hilo halikujia ukiwa peke yako na mawazo yako. Limeletwa mezani pako, mbele ya watu, na mwanamke unayechanga naye likelemba. Lazima liume.

Kabla hatujafika kwenye haki, naomba tulichungulie lile neno la mwalimu. "Inaweza." Inaweza kwenda kwa wa tatu. Je, enjinia amesema hivyo, au mwalimu anakisia? Nafasi ya staji si kiti cha teksi-basi, kwamba ukiinuka anakaa yule uliyemkusudia. Kampuni inaweza kusema basi, mmoja anatosha. Inaweza kumleta mtoto wa ndugu wa mtu fulani, na wewe mkazi wa mji huu huhitaji nikufundishe hilo. Ukiachia bila kujua, unaweza kujikuta umepoteza wewe, amepoteza na kijana, na mama yake bado hakusalimii. Kwa hiyo hata kama moyo wako umeelekea kuachia, uliza kwanza, na umuulize mwenye nafasi, si mwenye kukisia.

Halafu kuna hesabu iliyofanywa sokoni. Wewe una meza, yeye hana. Wewe una mume, mama yake hana. Sitaki kuidharau hesabu hiyo. Kijana wa miaka 22, mkubwa wa nyumba isiyo na baba, akikosa mlango wa kwanza anaweza kukata tamaa na kufuata wenzake kwenye mashimo ya Kolwezi, na darasani kwenu yuko mtu anayeweza kumweleza kuna nini huko. Shida yake ni ya kweli, na mama yake hakusema uongo hata mmoja.

Ila niambie: msichana wa miaka 19, ambaye baba yake yuko benki na mama yake ni mwalimu, nani amemwendea kumwomba aachie? Kama nafasi ingegawiwa kwa kupima shida za nyumbani, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuulizwa. Hakuna aliyekwenda kwao, wala simtakii aendewe, alishinda kama wewe ulivyoshinda. Ninachojiuliza ni kwa nini ombi limekuja kwako moja kwa moja, kana kwamba njia ilikuwa imeshasafishwa.

Pengine jibu liko katika jina wanalokuita. Kuitwa Mama darasani kumekupa vingi, heshima, uvumilivu wa mwalimu, kijana wa kubaki nawe baada ya vipindi. Na wewe umelipa, kwa fotokopi, kwa maandazi, kwa simu zako za kumtafuta asiyekuja. Katika nyumba zetu mama ndiye anayekula mwisho, akisema ameshiba. Watu wamekuona ukikaa katika nafasi hiyo mwaka mzima, sasa wanashangaa umenyoosha mkono kwenye sahani. Sisemi uache kuwa Mama. Ninauliza tu kama ulipojiandikisha, ukalipa ada yako kwa pesa ya samaki, ulijiandikisha uwe mama wa darasa au uwe mwanafunzi. Huenda utaniambia vyote viwili. Ni jibu zuri, lakini lina gharama zake, na sasa ndiyo zinadaiwa.

Nije kwenye deni. Umesema bila yeye usingevuka, na ninakupenda kwa kulisema hilo wazi. Deni la namna hiyo lipo na halifutiki kwa kusema "lakini nilishinda". Linalipwaje sasa? Mama yake amependekeza njia moja, kwa sababu ndiyo pekee anayoiona kutoka kwenye meza yake ya mboga. Zipo nyingine. Ukienda staji, utaona mambo ambayo kituo chenu hakina, makasha makubwa, namna ya kufunga na kuhakikisha hakuna umeme kabla ya kugusa, namna ripoti ya kazi inavyoandikwa. Jioni mbili kwa wiki unaweza kukaa naye kama yeye alivyokaa nawe. Unaweza kumtaja kwa enjinia siku wanapohitaji mkono wa ziada, na neno la mtu aliyeko ndani lina uzito katika mji huu kuliko karatasi ya barua. Lakini nikuonye: kijana aliyeumia anaweza kuiona fadhila hiyo kama makombo. Usimpe ahadi ambazo hujui kama utaweza kuzitimiza, na usimfundishe kwa sauti ya kumpoza.

Na hapa ndipo barua yako ilinisimamisha zaidi. Umeandika: "Kijana mwenyewe hajaniomba lolote. Amehama tu benchi." Umelichukua benchi kama ombi, au kama lawama. Mimi sijui ni nini. Inawezekana amekukasirikia. Inawezekana pia anaona aibu kwa sababu ya alichofanya mama yake sokoni, na hajui atakuangalia vipi, kama wewe usivyojua utamwangalia vipi yeye. Kijana wa miaka 22 ambaye mama yake amekwenda kumwombea nafasi kwa mwanafunzi mwenzake ana la kuona aibu, wacha nikuambie. Huyu ndiye aliyekuita Enjinia kwa sauti kubwa kuliko wote. Je, umezungumza naye? Si kupitia mama yake, si mbele ya yule dereva. Kumwambia tu kwamba mama yake alikuja, kwamba bado hujaamua, na kumuuliza yeye anaonaje. Anaweza kukuambia chukua. Anaweza kukuambia niachie, na hapo angalau utakuwa umesikia ombi kutoka kwa mwenyewe, na utaona moyo wako unajibu nini. Yote mawili ni magumu kusikia. Lakini sasa hivi unaamua juu ya mtu ambaye hujamsikia.

Wanasema mtu mzima hashindani na watoto. Kwanza, mtu wa miaka 22 si mtoto. Pili, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2016 imeweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60. Kutoka 44 hadi hapo una miaka 16, ambayo ni karibu umri wote wa msichana mliyechaguliwa naye. Hiyo si kazi ya kupitisha wakati. Kwa upande mwingine, nisikudanganye: yeye akikosa leo, ana miaka mingi ya kubisha hodi. Wewe kila mwaka unaopita, wako waajiri watakaotazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kutazama mikono. Ni ubaya wao, lakini wapo. Unaweza kuusoma ukweli huu kama sababu ya kushika nafasi, na kijana anaweza kusema ndiyo maana yeye apewe, maana ataitumia muda mrefu zaidi. Nimegeuza hoja hii huku na huku na sijaona ikielemea upande mmoja.

Sasa baba wa nyumba. Nimesikia sauti yake kwenye barua yako zaidi ya ulivyokusudia. Mwaka 2003 waliondoka zaidi ya watu elfu kumi kwa mpango ule, na hakuna mtaa wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi usio na nyumba yenye habari kama yenu: teksi-basi, shamba, duka, kisha kimya. Alikuwa na miaka 36, mke mwenye mimba, na mji mzima ukimwambia aanze upya. Akaanza, mbele yako, na kila alichoshika kikamvunjikia mkononi. Anapokuambia "tulishaiona", wewe unasikia dharau. Huenda ni hivyo. Huenda pia anaona jambo la pili, kwamba wewe utafaulu pale alipoanguka yeye, na hajui atasimama wapi siku hiyo. Mwanaume anayetaka kukuzuia hakufungulii lango. Muulize anachongoja pale anaposimama. Usimuulize kwa ugomvi, muulize siku umerudi mapema.

Kwa upande wa sheria, ulazima wa mke kupata idhini ya mume uliondolewa katika mageuzi ya Sheria ya Familia ya 2016. Ninalitaja kwa sababu wanawake wengi bado wanadhani kampuni itawadai karatasi ya mume. Lakini wewe hukuniandikia juu ya karatasi. Amani ya nyumba hailetwi na gazeti la Serikali, na wewe ndiye unayejua ni kiasi gani cha kununa kwake unaweza kuishi nacho kwa miezi miwili.

Kuna jambo ambalo hukuliandika hata kwa mstari mmoja: meza ya samaki. Barabara ya Likasi, kutoka Bel-Air, pamoja na malori yale, ni kuondoka gizani na kurudi gizani. Nani ataikalia meza? Ukimpa mpwa, unajua mambo ya madeni ya sokoni, mtu anauza kwa mkopo kwa rafiki zake na mwisho wa mwezi unahesabu majina badala ya pesa. Ukifunga, wateja wanahama na ada ya UNILU haingoji. Nina wazo, na utacheka: mume wako. Muzee wa Gécamines kuuza samaki katika soko la Kenya! Najua. Lakini amewahi kuuza simenti, kupima na kuhesabu anajua, na pengine hajaombwa kitu cha maana na mtu yeyote kwa muda mrefu. Anaweza kukataa kwa hasira, na hapo utakuwa umeongeza jeraha. Unamjua, mimi simjui. Ninaliweka tu mbele yako.

Tuseme umechukua nafasi. Miezi miwili bila mshahara, soko linalosema, mwanamke asiyekusalimia akikaa nawe kwenye kikao cha likelemba. Mwisho wa staji hakuna aliyekuahidi kazi, wameahidi kuita "zinapotokea". Kweli, tangu sheria ya 2017 kandarasi ndogo, zile kazi ambazo kampuni kubwa huzikabidhi kwa kampuni nyingine, zimewekewa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na migodi haiishi kuhitaji mafundi umeme, maana umeme wenyewe ni wa kubabaisha: mwingine unakuja kwa waya wa zaidi ya kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, mwingine unanunuliwa Zambia, na kila kampuni ina majenereta yake. Kazi ipo. Kama itakuja kwa jina lako, hilo halina uhakika.

Tuseme umeachia. Soko litakusifu kwa juma moja. Kijana akifanya vizuri, utakuwa na furaha ya kweli, na nadhani unaweza kufurahi kwa dhati, umeandika juu yake kama mtu anayempenda. Akifanya vibaya, au akiacha katikati, utakuwa na uchungu usio na mahali pa kuupeleka. Na nyumbani mume wako anaweza kuona amethibitishwa, bila yeye kusema neno. Jiulize pia kama utaachia kwa kumpa, au kwa kuogopa kusemwa. Kwa nje ni kitendo kile kile. Ndani yako vitakaa tofauti, na ni wewe utakayeishi navyo.

Njia nyingine ni ya pembeni. Mitaani kwenu watu wanafunga sola kwa sababu ya kukatwa kwa umeme, na wengi wanafungiwa vibaya, betri zinakufa mapema. Mwanamke fundi, anayeingia katika nyumba ya watu mchana mume akiwa kazini, ana mlango ambao vijana hawana. Ungeweza kujiunga na fundi mwenye jina zuri Bel-Air, ujifunze kwake, ukae karibu na meza yako. Hata INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, iliyoko tangu 1964, hupokea watu wazima wanaotaka kuongeza ujuzi, si vijana peke yao. Lakini njia hii isiwe ya kukimbilia. Fundi wa mtaani hakupi ripoti yenye muhuri wa kampuni, na mota za migodini hutaziona huko. Kama ulichokipenda ni ile nyota na pembetatu, paneli ya sola kwenye bati haitakushibisha.

Kugawana mwezi mmoja mmoja na kijana, najua umeshaliwaza. Muulize enjinia ukitaka, haidhuru, ila usiweke tumaini hapo. Kampuni za kazi hizi huandikisha mtu kwa jina, wanamfundisha usalama siku za kwanza, na hawapendi kuanza upya katikati.

Mwambie binti yako wa UNILU kwamba Shangazi amemsikia. Picha ya ovaroli ni yako, si yake. Lakini mpe nafasi ya kuzoea. Anasoma kwa jasho lako na hajui bado aliseme vipi mbele ya rafiki zake.

Una siku chache kabla mwezi haujaisha. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba uzungumze na watatu: enjinia, kuhusu lile "inaweza" la mwalimu, kijana, kuhusu benchi, na mume, kuhusu meza. Mama wa kijana mwache kwanza. Ukimjibu kabla hujajua unachotaka, utajibu soko zima, na soko lina sauti kubwa kuliko yako. Kwenye kikao cha likelemba msalimie kama kawaida, achague mwenyewe kuitikia au kunyamaza.

Na ikiwa utakwenda, uliza mapema kuhusu viatu vya usalama. Mara nyingi kampuni hizi huwa na namba za wanaume tu, na mwanamke hupewa kiatu kinachocheza mguuni, kisha anaambiwa apande ngazi. Kama hawana namba yako, waambie kabla ya siku ya kwanza, ukiwa pamoja na yule msichana wa miaka 19. Yeye peke yake pengine ataona aibu kudai.

Shangazi